Naomba ushauri: wavamizi juu ya chemchemi ya ranchi tuliyokodi

Wakuu, habari za majukumu. Mimi na kaka yangu tumekodi kitalu cha ranchi huku Kilosa, tunanenepesha ng'ombe. Ndani yake kuna chemchemi inayojaza lambo letu, na kiangazi kikikaza hatuna maji mengine kabisa.

Tangu mvua zilizopita watu wamejenga vibanda juu ya chemchemi. Wamefyeka miti, wanalima nyanya hadi ukingoni na kuvuta maji kwa pampu. Dawa wanazopulizia zinashuka lamboni, ng'ombe wanakunywa humo humo. Nimeongea nao kwa upole mara kadhaa, wanasema ardhi ilikuwa pori tu. Sitaki ubabe. Wana watoto wadogo, na Kilosa imeshazika watu wengi kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Najua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji. Sasa nianzie wapi: Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, au Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Mpangaji anaweza kufungua shauri mwenyewe, au lazima mwenye hati awemo?

Pia nafikiria kuzungushia chemchemi seng'enge, nishushe maji kwa bomba hadi kwenye birika la mifugo, na bomba jingine liende kijijini. Aliyewahi kufanya hivyo, wanakijiji waliipokeaje? Na kibali cha kutumia maji kiwe kwa jina la nani?