Wenye Subaru wenzangu, full usiku siyo salamu. Mtatuua!

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanisamehe lugha. Na mods, chonde, msiuhamishie uzi huu kule kwenye magari, maana huko watausoma wale wale wanaopongezana kwa ujinga huu wa kusalimiana kwa full, yaani kumulikana taa kali za mbele. Nataka wausome na abiria, wausome na wake wa hao jamaa, na mama zao pia.

Nijitambulishe kabisa asije akatokea mtu wa Harrier akasema huyu ana wivu. Mimi ni mtu wa Subaru. Nina Forester SG5, kabla yake nilikuwa na Impreza, na zile nyota sita za Kilimia kwenye nembo nazifahamu hata gizani. Nimekaa kwenye mabenchi ya mafundi Ilala nikisubiri gasketi hadi wakanizoea mama ntilie wa pale. Kwa hiyo sitaki kusikia "huyu hajui utamaduni wetu". Utamaduni naujua kuliko nyinyi mlionunua juzi mkabandika stika kabla hamjamwaga hata oili ya kwanza.

Maana ilikuwa hivi. Zamani ukiwa na Subaru ulikuwa peke yako. Fundi anafungua boneti, anakuta injini imelala, pistoni zinapigana ngumi kulia na kushoto, anafunga boneti taratibu na kukwambia "njoo kesho". Kesho yake simu haipokelewi. Subaru wanatengeneza injini za namna hiyo tangu ile 1000 ya mwaka 1966, lakini mtaani kwetu ilikuwa kama uchawi umeingia jana. Spea ya Toyota unaipata hadi kwenye duka la sukari, ya kwako unaagiza. Ndiyo maana ukipishana na mwenzako, Mlandizi huko au Segera, mnainuliana mkono. Hujui jina lake, lakini unajua kabisa anakula oili kiasi gani kwa mwezi. Vidole viwili vinanyanyuka kwenye usukani, kichwa kinainama kidogo, basi, kila mtu anaendelea na safari zake. Mchana, mnaonana uso kwa uso. Hiyo ndiyo salamu niliyoikuta na naipenda hadi leo.

Sasa njoo uone ya siku hizi. Salamu imekuwa full! Mchana full, usiku full, kwenye mvua full, kwenye kona full. Na siyo full hizi za kiwandani, hapana. Mtu kafunga taa ya LED ndefu juu ya bampa, nyingine juu ya paa, akikuona anaziwasha zote kwa pamoja, na wewe unabaki unaona rangi ya zambarau hadi kilomita inayofuata. Hapo eti kakusalimia. Na ole wako usijibu!

Mimi sikujibu, na yakanikuta. Kuna kundi moja la WhatsApp la wenye Subaru, silitaji jina. Jamaa tulipishana naye kwenye foleni ya Kibaha, sikumpigia taa kwa sababu mbele yangu kulikuwa na bodaboda kabeba vioo vya dirisha. Jioni naambiwa na rafiki yangu, kaka umewekwa kundini. Nafungua, nakuta picha ya gari langu kwa nyuma, namba inasomeka vizuri kabisa, chini pameandikwa: "Huyu si mwenzetu, hili gari ameazima." Vicheko thelathini na kitu. Ameazima! Gari ambalo nimelipia ushuru mwenyewe nikauza na kiwanja! Lakini hilo la dharau nilishalimeza. Lililonifanya nifungue uzi ni kubwa kuliko hilo.

Kila aliyewahi kuendesha barabara kuu ya nchi hii anajua kwamba full ina kazi zake. Mtu akikupiga full mara mbili mchana, punguza mwendo, mbele kuna trafiki wana tochi ya kupima mwendo. Akikupiga usiku, ama hujashusha taa, ama kuna ng'ombe, ama kuna ajali, ama kuna gari bovu limelala barabarani. Madereva wa malori wana lugha yao safi kabisa: ukiwa nyuma ya semi, akiwasha indiketa ya kushoto maana yake mbele peupe, pita, akiwasha ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Hakuna aliyewafundisha hayo darasani, na maelfu ya watu wanafika salama kwa ajili yake. Lugha ya namna hiyo inafanya kazi kwa sababu moja tu, kwamba dereva haitumii kwa mchezo.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tulikuwa tunawahi msiba Iringa, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Tumetoka Dar jioni. Kuanzia Doma kila Subaru tuliyopishana nayo ilitupiga full. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi mmoja akaongeza na honi, ndefu, mahali ambapo tembo wanavuka barabara na watu tunatambaa kwa kuogopa kugonga mnyama tukalipa faini ya kuuza nyumba. Shemeji akawa anacheka, "Aisee shemeji, nyinyi mna undugu." Nikamwambia ndiyo, ndivyo tulivyo.

Tumepita Mikumi mjini, tumeiacha Iyovi, tunaelekea Ruaha Mbuyuni, inakuja Forester nyingine. Ikapiga full.

"Na huyo vipi?" shemeji akauliza.

"Mwenzetu huyo, anasalimia."

"Mbona amerudia?"

Sikupata muda wa kumjibu. Tumemaliza kona, taa zangu zinaangukia matawi ya mti katikati ya lami, na hatua chache nyuma ya matawi kuna tela la semi limelala nusu barabarani. Halina taa, halina kiakisi, hakuna kile kipembetatu chekundu, limejaa vumbi hadi rangi yake ni ya usiku wenyewe. Upande wa pili basi linashuka. Kulia siwezi kwenda, kushoto ndipo lilipo tela. Nilikanyaga breki hadi nikasimama kwenye kiti. Gari ikaserereka ikaja kusimama boneti inachungulia chini ya chesisi. Shemeji alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, chupa yake ya maji imepasukia miguuni, na hakusema neno hadi Ilula.

Utingo wa lile semi akatoka gizani na tochi ya simu, kandambili miguuni. Akanimulika usoni, akaniambia, "Kaka, hujapigwa taa? Mbona tumewaomba wote wanaopita wawaambie wanaokuja!"

Nimepigwa. Nimepigwa taa na mtu muungwana kabisa, akarudia mara ya pili ili nielewe, na onyo lake halikuwa na thamani kwa sababu wapuuzi walioniangazia tangu Doma walishaligeuza kuwa mambo mambo. Yule bwana wa Forester, kama unasoma hapa, Mungu akubariki. Hao wengine wote nina deni nao.

Halafu mtu anakuja kuniambia "mkuu unakuza mambo". Haya, tupige hesabu ya darasa la sita. Gari likiwa mwendo wa 80 linatembea mita 22 kila sekunde. Mkija uso kwa uso wote mna 80, mnakaribiana kwa mita 44 kwa sekunde. Ukinimulika na hiyo LED yako nikapofuka sekunde tatu tu, nimetembea mita 66 bila kuona: siyo mtembea kwa miguu, siyo baiskeli isiyo na taa, siyo mzee anayerudi kilabuni. Na nchi hii kila kijiji kimekaa juu ya barabara kuu. Wewe ulitaka kuniambia habari za saa hizi. Nzuri, asante, nimeua mtu.

Tena usiku unajuaje kama mimi ni Subaru? Unaona taa mbili. Jamaa mmoja alinijibu kwamba yeye anatambua kwa umbo la taa. Muongo mkubwa. Anapiga kila taa inayofanana fanana, ikitokea ni Subaru anafurahi, ikitokea ni Noah ya watu wanaorudi harusini shauri yao. Yaani anawapofusha watu kumi ili asalimiane na mmoja.

Na msiniambie hii kitu haina dawa, maana watu walishakutana nayo kabla babu zetu hawajaona gari. Uingereza mwaka 1905 kilianzishwa chama cha wenye magari, AA, na kazi yake ya mwanzo kabisa ilikuwa kuwatahadharisha wanachama kuhusu mitego ya polisi ya mwendokasi. Tochi hizi hizi, ila polisi wa huko walikuwa wanajificha vichakani na saa za kuhesabu sekunde. Chama kiliweka watu wake barabarani na baiskeli, wakiona gari lenye beji yao wanalipigia saluti. Mwaka 1910 mahakama ikasema kumshtua dereva anayekimbiza ili asikamatwe ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Wale jamaa wa AA wakafanya jambo la akili sana. Saluti wakaiacha kuwa salamu ya kawaida, halafu wakawaambia wanachama: ukiona mtu wetu hajakusalimia, simama umuulize kuna nini. Nani atakushtaki kwa kutosalimia? Saluti hizo zikaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa baiskeli walielewa kwamba ishara moja haiwezi kubeba salamu na hatari kwa wakati mmoja. Sisi wenye turbo na skrini za Android kwenye dashibodi tumeshindwa.

Hapo hapo Uingereza, mwongozo wao wa barabarani unasema full ni ya kumjulisha mwenzako kwamba upo, na siyo ujumbe mwingine wowote. Mimi siendi mbali hivyo. Kwa barabara zetu hizi nikikataza watu wasiambiane kuna gari bovu mbele nitakuwa mwehu. Ndiyo kwanza nataka hiyo ibaki.

Wa mabasi nanyi msijifiche nyuma ya mgongo wa Subaru. Tangu mabasi yalivyoruhusiwa kutembea usiku mwaka 2023, mmeyaleta na ya kwenu. Yutong kwa Yutong, Scania kwa Scania, kampuni moja na kampuni moja, full, indiketa zote, na honi ya upepo kama harusi inapita. Abiria hamsini wamelala nyuma yako, baba, wewe umeachia usukani unapunga mikono yote miwili kwa kuwa umepishana na mwenzako mliyekula naye chakula mchana huo huo Msamvu. Mna nini cha kuambiana tena?

Afadhali watu wa IST. IST hazisalimiani, na nawaombea zisianze kamwe. Siku IST za Dar zikiamua kusalimiana, barabara ya Sam Nujoma usiku itakuwa disko. Na watu wa Probox nasikia hata huko Kenya hawana muda huo, wako kazini.

Ninachotaka hakihitaji kikao. Mchana inua mkono, inua vidole, tikisa kichwa, kenua meno, honi fupi moja kama hamko hospitali wala hifadhini. Mkikutana sheli shukeni mshikane mikono, mfunguliane maboneti, muongopeane mafuta inakula kidogo. Jua likizama, acha. Shusha taa mapema, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambayo dereva anaweza kumpa dereva mwenzake gizani, awe na Subaru awe na guta. Na taa ya full ikipigwa usiku iwe na maana moja: punguza, kuna jambo. Na nyie ma-admin wa makundi, acheni kuanika namba za magari ya watu eti hawajajibu salamu. Dereva aliyekaza macho barabarani hadaiwi salamu na yeyote.

Nawasilisha. Wa kutukana karibuni, nimeshachemsha chai.

NYONGEZA: Naona mnaniuliza kwa nini nilikuwa na mwendo huo kwenye kona. Nilikuwa chini ya 80, na breki zilishika, ndiyo maana naandika. Na anayesema kosa ni la semi, ni kweli, mwenye semi ana kosa lake na kipembetatu kinauzwa bei ya sahani mbili za chipsi. Mfungulie uzi wake, nitakuja kukomenti.

NYONGEZA 2: Kuna mdau hapo chini anataka kwanza ajue Forester yangu ni turbo au ni ya kawaida, ndipo aamue kama hoja yangu ina uzito. Mkuu, sijibu. Na huko kwenye kundi lenu namba mnayo, ulizaneni wenyewe.