Mizinga ya reli ya Mjerumani, Vita Kuu ya Kwanza: Max, Bruno au ule wa Paris?

Kijiweni_Tu: Heshima kwenu wakuu. Jana tumebishana hadi kahawa ikapoa. Rafiki yangu anashikilia kwamba mzinga bora wa reli wa Mjerumani ni ule uliopiga Paris. Mimi niko na Max, mzinga mwingine wa Mjerumani. Nitoeni tongotongo.

Fundi_Chuma: Mkuu, rafiki yako kagonga mlango usio wake. Mzinga wa reli hasa hufyatuliwa ukiwa juu ya behewa; ule wa Paris ulisafirishwa kwa reli tu. Kufyatua, ulifyatuliwa kwenye jukwaa lililojengwa msituni karibu na Crépy, kaskazini mwa Ufaransa. Kombora lilifika kilomita 120 hivi, lakini kwa umbali huo hulengi jengo, unalenga jiji zima. Na kombora lenyewe ni la kilo mia na ushee tu.

Halafu tazama matunzo yake. Mtutu ulikuwa mrefu mno hata ukainama kwa uzito wake, ikabidi ushikiliwe kwa nondo kutoka juu. Kila kombora lilipigwa namba, na la pili lilikuwa nene kidogo kuliko la kwanza, la tatu kuliko la pili, kwa sababu kila mlipuko uliukwangua mtutu kwa ndani. Ukikosea namba, umekwisha. Baada ya kama mara 60 mtutu unang'olewa, unapelekwa kuchongwa upya.

Mama_Zubeda: Fundi, unapima chuma, hupimi hofu. Asubuhi ya 23 Machi 1918 watu wa Paris walikodoa macho angani wakitafuta ndege, wasiione. Ijumaa Kuu, siku sita baadaye, kombora moja likaangukia kanisa la Saint-Gervais ibada ikiendelea. Walikufa zaidi ya 80.

Fundi_Chuma: Sibishi mama. Ila Paris haikusalimu amri.

Mrufiji: Max basi. Tundu la mtutu sentimita 38, ulitengenezewa manowari, kombora la kilo 750. Tatizo ni kwamba mwanzoni ulihitaji kuchimbiwa shimo na kujengewa jukwaa, kazi ya wiki nyingi, na adui anakupiga picha kwa ndege. Wakaja kuupandisha kwenye behewa mwaka 1918, vita inaelekea ukingoni. Kura yangu ni Bruno, sentimita 28. Mitutu yake ni ya manowari zilizopitwa na wakati, hivyo haikumnyima mtu kitu. Unasogea, unapiga, unaondoka.

Kijiweni_Tu: Si ndiyo huo Waaustralia waliuteka karibu na Amiens, 8 Agosti 1918? Mtutu wake uko Canberra hadi leo. Mzinga bora gani huo unaotekwa?

Mrufiji: 😂 Umenipata. Lakini huo ni ugonjwa wa reli, mkuu. Adui akishafika kwenye reli yako, hata uwe na Max, huna njia ya kichochoro.

Ndiyo maana mimi nawavulia kofia wale wa kwetu. Königsberg, manowari ya Mjerumani, ilipoangamia Rufiji, Julai 1915, mizinga yake 10 ilinyofolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam na kuburutwa porini. Ni midogo, sentimita 10.5, lakini haikungoja taruma la mtu. Aliyeko Mombasa apite Fort Jesus, mmoja upo pale.

Mama_Zubeda: Nimepiga nao picha! Miaka yote nilidhani ni wa Mreno.