Mitumba na AGOA: Rwanda iliachwa peke yake. EAC ijaribu tena?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kila mada ya mitumba ikiibuka tunagawanyika: huku "viwanda kwanza", kule "tutavaa nini". Naona wote tunaruka swali lenyewe.

Tukumbushane. Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) walikutana Arusha wakaazimia nguo na viatu vya mitumba viondoke sokoni ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru wa nguo hizo kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Mwaka uliofuata SMART, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, kikalalamika kwa serikali yake kwamba ajira 40,000 zimo hatarini. Fimbo iliyotumika ni AGOA, mpango wa Marekani wa mwaka 2000 ulioruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa nyingi Marekani bila ushuru. Sharti lake mojawapo: usiwawekee Wamarekani vikwazo vya biashara.

Kenya ikajitoa mapema, maana viwanda vyake vya EPZ (maeneo maalumu ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje) vinashonea soko hilohilo. Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 Trump akaiondolea msamaha wa ushuru kwenye nguo. Haikuumia sana, kwa kuwa nguo ilizopeleka kule zilikuwa chache. Ingekuwa Kenya, hadithi nyingine kabisa.

Tuliazimia pamoja, tukaenda kujieleza Washington kila mtu kivyake. Ushuru wa forodha tunaita wa pamoja tangu 2005, lakini kila msimu wa bajeti kila nchi inaomba ruhusa ya kutoza viwango vyake. Kwa mtindo huo nani atuogope? EAC ikirudia, ianze kwa kukubaliana nani atabeba hasara. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Nairobi
Mnatulaumu bure. Pale Athi River kuna maelfu ya watu kwenye cherehani, wengi akina mama, na kodi ya nyumba hailipwi kwa mshikamano. Rwanda ilikuwa jasiri kwa sababu haikuwa na cha kupoteza.

Mchangiaji, soko la Karume, Dar es Salaam
Mkuu mleta mada, umewahi kufungua belo, lile robota la mitumba? Unalinunua limefungwa, ukikata zile kamba ndipo unajua umekula au umeliwa. Grade one zinagombewa alfajiri na wenye maduka. Za kati wanabeba machinga. Zilizochanika zinakwenda gereji kufutia oili. Hapo katikati kuna wapasi, mafundi wa kupunguza, wabeba mizigo. Ukifuta mitumba leo, kesho pengo linazibwa na nguo mpya za China zinazochuja kwenye beseni la kwanza. Kiwanda cha nguo cha Urafiki hakifufuki kwa ushuru.

Mchangiaji mwingine
Hizo za gereji ndizo zinanikera. Mwaka 2024 Ufaransa, Sweden na Denmark zenyewe zilipendekeza Mkataba wa Basel, ule wa kudhibiti taka hatari zinazovuka mipaka, ubane usafirishaji wa taka za nguo. Wenye taka wanashtuka, sisi tunazitetea!

Mleta mada
Wa Karume, kuhusu China nakubaliana nawe. Kubana mitumba tu huku nguo mpya za bei ya kutupa zikipita ni kumbadilishia mteja duka, basi. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inachambuliwa mbegu na kusafirishwa ghafi. Bila vinu vya nyuzi na umeme wa uhakika, hata marufuku ya miaka 20 haitatoa shati.

Lakini swali langu bado lipo. Wa Nairobi, kama EAC ingekuwa na mfuko wa kuwafidia watu wa Athi River wakati wa msukosuko, Kenya ingebaki kwenye msimamo?

Mchangiaji, Nairobi
Mfuko gani, ndugu yangu? Michango ya kuendesha sekretarieti pale Arusha yenyewe nchi zinacheleweshana. Nionyeshe hela kwanza, ndipo tuongee msimamo.