Miwani nyeusi tii, na macho bado yameungua!

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki nzima, acha niitoe.

Nilinunua miwani ya jua kwa ajili ya likizo ya ufukweni. Nikamuuliza muuzaji mara mbili: hii inazuia mionzi kweli? Akaiinua kwenye taa, akanijibu, "Si unaona mwenyewe ilivyo nyeusi?" Na kistika cha UV400, alama ya kinga ya mionzi ya jua (UV), kilikuwepo kwenye lenzi. Nikaamini, nikalipa, ya kwangu na ya mwanangu.

Siku ya kwanza nikashinda majini na mchangani. Usiku macho yakaanza: kama kuna mchanga chini ya kope, machozi yanachuruzika, hata mwanga wa simu siuwezi. Daktari akasema konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, imeungua kwa mionzi ya urujuanimno, yaani hiyo hiyo UV. Siku mbili za likizo nimelala gizani na kitambaa cha maji baridi usoni.

Niliporudi nikaipeleka kwa fundi wa miwani mwenye kimashine cha kupima mionzi. Haikuchukua hata dakika. Lenzi inapitisha! Kistika nikakibandua kwa ukucha. Hakikuwa na maana yoyote.

Kinachoniuma ni hiki: weusi unapunguza mwanga tu. Gizani mboni inapanuka, na kama lenzi haina kinga, mionzi inaingia kwa nafasi zaidi. Ningekuwa macho matupu ningekunja uso na kukimbilia kivulini mapema. UV400 ya kweli huzuia mionzi yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400, yaani UV yote, na hata lenzi isiyo na rangi inaweza kuwa nayo. Weusi una daraja lake, 0 hadi 4. La 3, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, linatosha ufukweni. La 4 hata kuendeshea gari haliruhusiwi. Polaraizi nayo, lenzi yenye kichujio cha mwanga unaoakisiwa, inakata mng'ao wa maji, kinga ya mionzi ni habari nyingine. Muuzaji hakujua hata moja kati ya haya, au alijua akanyamaza. Halafu fremu yenyewe nyembamba, mwanga unaingia pembeni na juu ya nyusi.

Nimeirudisha dukani. Jibu: bidhaa ikishauzwa hairudi. Nikamwonyesha ile ndogo ya mtoto, maana lenzi ya jicho la mtoto hupitisha mionzi mingi ndani kuliko ya mtu mzima. Akaipokea, akaifuta vumbi, akairudisha kwenye rafu.