Ada ya uwanja wa farasi: tugawane vipi?

Mwenye swali, Limuru:
Habari zenu wakuu. Tunatumia pamoja uwanja wa kuendeshea farasi, vizuizi vya kurukia na maji. Wengine wanalaza farasi hapo, wengine huja Jumamosi tu kupanda. Ada iwe moja kwa wote?

Saisi wa Ngong:
Hapana, ndugu yangu. Farasi wa kilo 450 hula takribani kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na kwato zinataka fundi kila wiki 6 hadi 8. Hayo ni ya mwenye farasi, yasiingie kwenye ada. Ada ibebe vya wote: uzio, maji, mshahara wa anayesawazisha uwanja, na mchanga. Mchanga ndio watu husahau! Mvua ya masika ikiusomba, farasi anarukia udongo mgumu na miguu inavimba. Miguu ya namna hiyo nimeimwagia maji baridi mara nyingi. Wekeni akiba ya kununulia mchanga kila mwezi.

Mzazi:
Na watoto walipe nusu, jamani, la sivyo mtabaki wazee watupu.

Saisi wa Ngong:
Naunga mkono, mama. Ila kila farasi anayeingia, hata wa siku moja, awe na chanjo ya mwaka ya ugonjwa wa farasi wa Afrika (African horse sickness), ule wa virusi unaoua farasi. Hapo msilegeze.