Onyesho la flamenco katika ukumbi mdogo: mtazamaji anatakiwa ajiweke vipi?

PwaniTanga aliuliza:

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mwezi ujao nitakuwa Sevilla, Hispania, kwa mkutano wa watu wa bandari, na jioni moja nitakuwa huru. Nimekusudia kuitumia kutazama flamenco, sanaa ya huko yenye uimbaji, gitaa na uchezaji, katika ukumbi mdogo ambamo watazamaji huketi karibu kabisa na wasanii. Nimelelewa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya wapenzi wa taarabu, na sisi ubeti ukitugusa huinuka, tukaenda mbele kumtunza mwimbaji, na mwimbaji mwenyewe hulifurahia jambo hilo. Je, huko inaruhusiwa kuinuka, au hata kupiga makofi pamoja nao? Nisingependa kuwavunjia heshima wasanii wanaofanya kazi yao hatua chache mbele yangu.

Ngomani_Bagamoyo alijibu:

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nilisomea ngoma hapa Bagamoyo, katika chuo ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, na baadaye nikajaliwa kukaa kwa muda Andalusia, eneo la kusini mwa Hispania ulipo mji huo wa Sevilla, kwa hiyo nitajikita kwenye makofi, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi huteleza.

Makofi katika flamenco ni ala kamili, sawa na gitaa, na wanaoyapiga wako jukwaani. Mmoja hupiga kwenye pigo na mwenzake katikati ya mapigo. Mwimbaji anapoimba kwa sauti ya chini, wapiga makofi hao hukunja viganja ili mlio uwe mzito, na miguu ya mchezaji inapopamba moto hugonga vidole juu ya kiganja ili mlio uwe mkali. Mitindo kama soleá na bulería ina mzunguko wa mapigo 12, na mikazo yake, yaani mapigo yanayotiliwa nguvu, haiachani kwa nafasi zilizo sawa: katika soleá hesabu ya kawaida hukaza pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Mtazamaji anayeingiza makofi yake ya nne-nne hapo, hata kwa nia njema, humvuruga mchezaji, hasa katika kumbi zisizotumia vipaza sauti, ambamo kila kinachosikika huwa kimeingia kwenye muziki.

Kwa hiyo usipige makofi hadi wimbo umalizike, na usiinuke kutunza. Hata hivyo hulazimiki kukaa kimya, kwani neno la kusifu, “olé”, hutamkwa mwimbaji anapofunga ubeti vizuri, au mchezaji anapohitimisha mfululizo wa hatua kwa kishindo. Wasikilize wenyeji, nawe ufuate. Ukipata nafasi, mtazame mpiga gitaa. Macho yake mara nyingi yako kwenye miguu ya mchezaji, kwa maana si kila kitu kimepangwa kabla: mchezaji huita kwa visigino, na gitaa na mwimbaji hupokea. Mpiga ngoma yeyote wa huku kwetu atalielewa hilo bila kuelezwa.

Chumbageni_Msafiri alijibu:

Kaka, kata tiketi mapema na ufike kabla ya muda, kwa sababu kumbi nyingine hazina viti vyenye namba. Chagua mahali pasipouzwa chakula wakati wa onyesho, usije ukasikia sahani kuliko gitaa. Jumba la makumbusho la flamenco lililoanzishwa na mchezaji Cristina Hoyos mwaka 2006 lipo katikati ya mji, nalo huwa na maonyesho.

MzeeMakorora alijibu:

Mwanangu, waliotangulia wamesema vyema, ila mimi ningekushauri pia uulizie vilabu vya wapenzi wa flamenco, ambavyo wenyeji huviita peña. Huko uimbaji ndio unaoheshimiwa kuliko vyote, na mchezaji wakati mwingine hayupo kabisa. Hofu kwamba uimbaji wa asili unamezwa na maonyesho ya kibiashara ni ya zamani. Kwa ajili hiyo mtunzi wa muziki Manuel de Falla na mshairi Federico García Lorca walishiriki kuandaa shindano la uimbaji mjini Granada mwaka 1922. UNESCO iliingiza flamenco katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, lakini kwangu mimi ushahidi mkubwa zaidi ni wale wazee wanaokaa safu ya mbele kumsikiliza kijana anayeimba.

PwaniTanga aliuliza tena:

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Sijui Kihispania hata kidogo. Je, nitakosa mengi?

Ngomani_Bagamoyo alijibu:

Utakosa maneno, na hilo ni pengo, kwa sababu beti zake ni za mistari mitatu au minne iliyobanwa sana, kuhusu mapenzi, kifo, jela, kazi ya migodini. Mwombe mwenyeji wako mkutanoni akutafsirie beti mbili tatu za soleá kabla ya siku hiyo. Mwimbaji akianza kwa kuvuta “ay” ndefu isiyo na neno lingine, ujue bado anaitafuta sauti yake na kumwandaa mpiga gitaa. Ubeti wenyewe unafuata.