Re: Kuuza kofia za Siyu mtandaoni

> Assalaam alaikum jamaa. Mama mdogo na wenzake wanne, Siyu kisiwani Pate, wanashona kofia za vito, zile za kudariziwa vitobo kwa mkono. Nataka kuwatafutia wanunuzi mtandaoni nikiwa hapa Bristol. Nianzie wapi? Mikeka nayo je?

Waalaikum salaam, dada.

Mikeka iache kwanza. Mimi nilianza nayo, kumi na miwili ya Matondoni, kule Lamu, ikakaa njiani masika nzima na kufika imeota ukungu. Tena mkeka ni mrefu, wasafirishaji wanakutoza urefu. Kofia kumi zinaingia boksi la viatu.

Kodi ya huku Uingereza: mzigo usiozidi pauni 135, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 hukatwa mteja anapolipa, na ukiuzia kwenye soko la mtandaoni, soko lenyewe ndilo hukata. Ukizidi hapo, mteja anadaiwa mzigo ukishafika, na wangu mmoja aligoma kabisa kuupokea. Atakayekushauri uandike "zawadi" kwenye fomu, mwache na yake. Zawadi ni ya mtu kwa mtu, na msamaha wake unaishia pauni 39.

Sasa bei, maana ndiko dhuluma iliko. Kofia ya vito ni miezi miwili mitatu ya macho ya mtu, akishamaliza kupika na kulaza watoto. Ukishindana na kofia za mashine, mama mdogo utakuwa umemlipa uzi tu. Ipige picha na upande wa ndani, vitobo vionekane. Anayejua kofia huigeuza kabla ya kuuliza bei. Andika mzunguko wa kichwa kwa sentimita, kofia hii haivutiki. Wangu wawili walirudisha kwa sababu hiyo, na nauli nikalipa mimi.

Nusu ya pesa mtumie kwa M-Pesa kabla hajashika sindano. Na wakati wa kusi usimwahidi mtu tarehe. Bahari inachafuka, na Siyu chombo huingia maji yakijaa.

---

Wa Marekani nasi tusisahauliwe: ule msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800 ulisitishwa 29 Agosti 2025. Hata kofia moja sasa inadaiwa, kwa hiyo mweleze mteja mapema, kabla hajalipa.

Dada wa Bristol, zikiwa tayari niwekee moja ya 57, nyeupe kwa nyeupe. Ya marehemu ami imeshachakaa.